Majilio: Jinsi Kanisa Lilivyojifunza Kumngoja Bwana



Toleo la kumbukumbu ni la kuangalia nyuma. Tunahesabu miaka, tunawakumbuka waliotutangulia, tunamshukuru Mungu kwa alikotutoa. Makala hii nayo inaangalia nyuma, ila inakwenda mbali kuliko umri wa ushirika wetu. Sababu yake ni swali ambalo vijana wetu wamekuwa wakituletea. Wengi wao wamesoma shule za Wakatoliki, za Walutheri na za Waanglikana. Kila ukifika mwisho wa Novemba, huko shuleni wanaona mishumaa minne, wanaona kitambaa cha zambarau madhabahuni, na wanasikia neno "Majilio". Wakirudi kanisani kwetu hawaoni kitu. Basi wanauliza: "Mchungaji, haya Majilio ni ya nani? Ni mapokeo ya dini tu, au kuna kitu sisi tumekikosa?"

Jibu la haraka tunalo. Sisi ni watu wa Roho, si watu wa kalenda. Na Paulo, katika Warumi 14, alikwisha kutufundisha kwamba mmoja ataiheshimu siku fulani, mwingine ataziona siku zote sawa, na wote wawili wafanye hivyo kwa Bwana bila kuhukumiana. Hilo halina ubishi. Lakini kijana anayeuliza historia apewe historia. Na tukiifuata vizuri tutagundua jambo ambalo huenda likatushangaza: Majilio hayakuanza na mishumaa. Yalianza na mambo ambayo sisi walokole tunayajua sana, yaani kufunga, kutubu, na kumngoja Bwana arudi.

Neno lenyewe

Kwa Kilatini neno ni adventus, maana yake ni kuja, au kufika. Warumi walilitumia hata kwa mfalme wao. Kaisari alipokuwa anauingia mji, ule ufikaji wake uliitwa adventus. Mji ulijiandaa, na watu walitoka nje ya malango kumpokea. Biblia ya Kilatini ilipotafsiriwa, neno hilo hilo likatumika mahali ambapo mitume, kwa Kiyunani, walizungumzia kuja kwa Bwana Yesu mara ya pili.

Angalia hapo, mpendwa. Masikioni mwa Wakristo wa kale, neno hili lilibeba mambo mawili kwa pamoja, mtoto aliyekwisha kuja Bethlehemu na Mfalme ambaye bado anakuja. Wazee wetu waliotafsiri kwa Kiswahili wakachukua kitenzi "kujilia" wakatengeneza "Majilio". Ndugu zetu wa Bujumbura, Bukavu na Kigali, ambao Krismasi wanaiita Noeli, wengi wao wanasema Avent kwa Kifaransa. Jina ni tofauti, ila maana ni ile ile: yuko Mtu njiani, anakuja.

Siku 21 za Hispania

Krismasi yenyewe tunaiona imeandikwa kwenye kalenda ya Roma ya mwaka 354, tarehe 25 Desemba. Haikuchukua muda mrefu Kanisa likaona kwamba siku kubwa namna hiyo haifai kuingiliwa ghafla.

Mwaka 380 maaskofu walikutana katika mji wa Zaragoza, Hispania. Kati ya mambo waliyoamua ni hili: kuanzia tarehe 17 Desemba mpaka tarehe 6 Januari, waumini wasikose kanisani. Hesabu mwenyewe, ni siku 21. Na waliandika makosa ya watu kwa majina yake. Watu wasijifiche majumbani, wasiondoke kwenda mashambani, wasikimbilie milimani, wala wasitembee peku, bali wakutane kanisani.

Utadhani maaskofu wale waliona stendi zetu za mabasi wiki ya mwisho ya Desemba! Zaidi ya miaka 1600 iliyopita, tena katika nchi ya mbali, Kanisa lilikuwa na tatizo lile lile: wakati wa kumkumbuka Bwana ndiyo wakati watu wanatawanyika.

Hiyo namba 21 nayo si ngeni kwetu. Makanisa mengi ya Kipentekoste katika ukanda huu hufunga siku 21, kwa mfano wa Danieli, mara nyingi mwezi wa Januari. Hapa kuna tofauti ya kuitafakari. Sisi wengi wetu tunafunga baada ya sikukuu. Wale wa kale walijikusanya kabla yake, wakaendelea mpaka mwaka mpya umeingia.

Mtu aliyekata vazi lake

Kutoka Hispania twende Gaul, nchi tunayoiita leo Ufaransa. Katika karne ya 4 alikuwapo askari mmoja kijana jina lake Martin. Inasimuliwa kwamba siku moja ya baridi kali, kwenye lango la mji wa Amiens, alimkuta maskini hana nguo. Martin hakuwa na fedha. Akachomoa upanga, akalikata vazi lake vipande viwili, kimoja akampa yule maskini na kingine akajifunika mwenyewe. Baadaye akaacha jeshi, na mwishowe akawa askofu wa mji wa Tours. Siku ya kumkumbuka ni tarehe 11 Novemba.

Katika karne ya 5 mji huo wa Tours ulipata askofu mwingine aliyeitwa Perpetuus. Huyu aliweka utaratibu kwamba kuanzia siku ya Martin mpaka Krismasi watu wafunge siku tatu kila juma. Miaka ya 580, mkutano wa maaskofu katika mji wa Mâcon ukataja na siku zenyewe: Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Huo ndio mzizi wa Majilio katika nchi za magharibi. Ni mfungo wa majuma kama sita, na mlango wake ni siku ya mtu aliyegawa vazi.

Sidhani kama hilo tulipite haraka. Soma Luka 3. Yohana Mbatizaji anahubiri toba, na makutano wanamuuliza wafanye nini. Jibu lake halikuwa la maneno ya juu juu. Mwenye kanzu mbili ampe asiye nayo, na mwenye chakula afanye vivyo hivyo. Watoza ushuru wasidai zaidi ya kiwango kilichowekwa. Askari wasimdhulumu mtu, waridhike na mshahara wao. Yohana ndiye mhubiri mkuu wa Majilio mpaka leo katika makanisa yanayoyashika. Mahubiri ya majuma ya katikati yanamhusu yeye. Basi mfungo wa Gaul ulikuwa na pande mbili, tumbo kupunguziwa na maskini kuongezewa. Chakula ambacho hukula, kuna mtu alitakiwa akile.

Majuma manne, majuma sita, siku arobaini

Roma nayo ilikuwa na majira yake ya kujiandaa, mafupi zaidi na yenye furaha zaidi. Papa Gregori Mkuu, aliyeongoza kuanzia mwaka 590 mpaka 604, ametuachia mahubiri ya majira hayo. Taratibu ule mkondo wa Gaul, wenye toba na kungoja hukumu, ulichanganyika na ule wa Roma. Matokeo yake ni Majilio ya Jumapili nne tunayoyaona kwa majirani zetu. Yanaanza Jumapili iliyo karibu zaidi na tarehe 30 Novemba. Mji wa Milano, kule Italia, mpaka leo umebaki na majuma sita.

Kanisa la mashariki lenyewe linafunga siku 40 kabla ya Krismasi. Na hatuna haja ya kwenda Ugiriki kuliona hilo. Vuka mpaka wa Moyale kutoka Kenya uingie Ethiopia. Ndugu wa kanisa la Othodoksi la Ethiopia wanaiita Saumu ya Manabii, kwa kuwakumbuka manabii waliomngoja Masihi bila kumwona. Kwa zaidi ya siku 40 hawali nyama, hawanywi maziwa, hawali mayai, mpaka wafike Krismasi yao tarehe 7 Januari. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba kumngoja Bwana kwa kufunga ni desturi ya Wazungu. Afrika imekuwa ikifanya hivyo kabla misheni yoyote ya Ulaya haijatia mguu kwenye pwani yetu.

Katika karne ya 12 mtawa mmoja wa Ufaransa, Bernard wa Clairvaux, aliyefariki mwaka 1153, alifundisha katika mahubiri yake ya Majilio kwamba kuja kwa Bwana ni kutatu. Alikuja katika mwili, kwa unyonge. Atakuja katika utukufu, na kila jicho litamwona. Na katikati ya hizo mbili kuna kuja kwa siri, ndani ya moyo wa anayeamini. Mpentekoste akisikia hilo la tatu hawezi kukaa kimya! Hilo ndilo tunaloliombea kila mkesha.

Waliofuta na waliobakiza

Yalipokuja Matengenezo ya Kanisa, Waprotestanti hawakukubaliana. Luther aliyabakiza Majilio na akahubiri sana katika majira hayo. Waanglikana nao waliyaweka katika Kitabu cha Sala cha mwaka 1549. Wengine wakafuta yote. Viongozi wa matengenezo kule Uskoti waliikataa Krismasi mwaka 1560. Bunge la Uingereza likaifuta mwaka 1647. Huko Massachusetts, Marekani, kati ya mwaka 1659 na 1681 mtu aliyeshika Krismasi alitozwa faini ya shilingi tano.

Hatuna sababu ya kuwacheka. Walichokipinga ni ulevi na ulafi uliokuwa umevaa jina la Bwana. Ila somo lao ni hili: kufuta siku hakumfanyi mtu awe tayari. Unaweza kuishika siku ukiwa umelala, na unaweza kuifuta ukiwa umelala vile vile.

Na mishumaa, je? Hiyo ni ya juzi tu. Mwaka 1833 mchungaji wa Kilutheri Johann Hinrich Wichern alifungua nyumba ya watoto maskini mjini Hamburg, Ujerumani. Inasimuliwa kwamba watoto walimchosha kila siku kwa swali moja: Krismasi bado siku ngapi? Mwaka 1839 akachukua gurudumu la mbao, akalipanga mishumaa, midogo myekundu kwa siku za kazi na minne mikubwa myeupe kwa Jumapili. Kila jioni wakati wa maombi waliwasha mmoja zaidi. Mwanga ukawa unaongezeka jinsi siku ilivyokaribia. Hilo shada la Majilio ambalo vijana wetu wameliona shuleni lilitoka hapo, kwa watoto wasio na kitu waliohitaji kujifunza kungoja.

Majilio yanafika kwetu

Misheni zilipokuja Afrika Mashariki zilileta na kalenda zao. Waanglikana wa Zanzibar waliweka jiwe la msingi la kanisa lao kuu la Mkunazini siku ya Krismasi mwaka 1873, mwaka ule ule soko la watumwa lilipofungwa, tena pale pale sokoni. Hebu fikiri waliokuwa wakiuzwa mahali pale walivyoielewa habari ya Mkombozi ajaye. Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891, na Walutheri wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893. Uganda ilipokea Waanglikana mwaka 1877 na Wakatoliki mwaka 1879. Save, nchini Rwanda, misheni ya Wakatoliki ilianza mwaka 1900. Kwa njia hizo neno Majilio likaingia vijijini, likakaa kwenye kalenda za ukutani na kwenye vitabu vya sala.

Halafu wakaja baba zetu wa imani, Wapentekoste. William Burton na James Salter walifika Mwanza ya Katanga (si Mwanza ya Ziwa Victoria) mwaka 1915. Wasweden walifika Uvira mwaka 1921. Nyang'ori, magharibi ya Kenya, ikawa kituo cha Wapentekoste wa Kanada mwaka 1924. Wasweden wakaingia Tanganyika mwaka 1932, Kiremba ya Burundi mwaka 1935, na Gihundwe ya Rwanda, karibu na Ziwa Kivu, mwaka 1940. Ukiichora njia hiyo kwenye ramani utaona ilivyokuwa inavuka mipaka tangu mwanzo. Ushirika huu wetu haukuanzisha jambo geni.

Hawa hawakutuletea kalenda ya Majilio. Na si kwamba hawakuijua. Sweden ni nchi ambayo Jumapili ya kwanza ya Majilio makanisa hujaa kuliko Jumapili nyingine nyingi. Ila wao walikuja na moto mwingine. Tangu uamsho wa Azusa Street, Los Angeles, mwaka 1906, chini ya William Seymour, ujumbe wa Kipentekoste ulisimama juu ya mambo manne: Yesu anaokoa, Yesu anabatiza kwa Roho Mtakatifu, Yesu anaponya, na Yesu yu karibu kurudi. Hilo la nne ndilo lililowafanya wapande meli wakijua homa itawaua baadhi yao, na kweli iliwaua.

Hapa ndipo historia inapotugeuzia kibao. Katika makanisa yanayoshika Majilio, Jumapili ya kwanza kabisa haisomwi habari ya hori. Inasomwa habari ya Bwana kurudi, watu waambiwe wakeshe. Kwa hiyo baba zetu walikuwa wanahubiri ujumbe wa Majilio Januari mpaka Desemba bila kuutaja kwa jina. Jina waliliacha, lakini kiini chake walikuwa nacho.

Gahini, Desemba 1933

Kuna ushuhuda wa nyumbani ambao hatuwezi kuuruka. Mwaka 1929, mjini Kampala, daktari Mwingereza Joe Church alikutana na Simeoni Nsibambi wa Buganda. Wote wawili walikuwa na njaa ya kitu zaidi. Walitumia siku mbili kusoma Neno na kuomba. Church akarudi kwenye hospitali ya misheni ya Kianglikana ya Gahini, mashariki ya Rwanda, na kwa miaka iliyofuata kikundi kidogo kikaendelea kuomba.

Mwishoni mwa Desemba 1933, katika siku zile za Krismasi, walifanya mkutano wa walimu na wainjilisti. Siku ya mwisho, wakiwa katika maombi, mtu mmoja akasimama akaanza kuungama dhambi zake. Mwingine akafuata, na mwingine. Ikaendelea muda mrefu. Hiyo ilikuwa cheche. Mwaka 1936 moto ukawaka kweli, na kabla ya miaka ya 1930 kwisha ulikuwa umefika Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika. Neno "walokole" tunaloitwa leo, hata kwa utani, lilitoka huko. Ni la Kiganda, maana yake ni waliookoka.

Waliookoka katika uamsho ule hawakuishia kulia. Walirudisha vitu walivyoiba kwa waajiri wao. Walilipa madeni ya zamani. Waliwaendea watu wa kabila jingine na wa rangi nyingine, wakaomba msamaha uso kwa uso. Ni Luka 3 ile ile, safari hii kwenye vilima vya Rwanda. Hawakuwa Wapentekoste, lakini wamekuwa majirani wa imani yetu tangu hapo, na lugha yetu ya wokovu sehemu kubwa tumeipata kwao.

Na Desemba yetu, je?

Sasa tuulizane bila kufichana. Baba zetu waliacha jina wakashika kiini. Sisi tumeshika nini?

Desemba yetu inajulikana. Nauli zinapanda. Foleni za Namanga, Mutukula na Rusumo zinakuwa ndefu. Kila mtu anatafuta nguo mpya ya mtoto na mchele wa pilau. Harusi zinagongana. Kanisa la mjini linabaki na watu wachache, na yule aliyebaki ni kwa sababu hana nauli. Kwenda kuwaona wazazi ni jambo jema, na Mungu ameamuru tuwaheshimu. Lakini kuna ndugu anakopa ili kijijini aonekane amefanikiwa, halafu Januari mtoto anarudishwa nyumbani kwa kukosa ada. Kuna mwingine analeta mbuzi mezani huku kijana anayemfanyia kazi hajalipwa miezi miwili. Huyo Yohana Mbatizaji angempokeaje mtoni?

Tena kuna jambo zito zaidi, kwa kuwa sisi ni ushirika wa nchi jirani. Serikali zinapogombana, maneno ya redio na ya simu huingia mpaka kwenye vikundi vya maombi. Kuna miaka mipaka imefungwa na kwaya zimeshindwa kuvuka. Wako ndugu zetu ambao Krismasi nyingi zimewakuta kambini; Nyarugusu peke yake, mkoani Kigoma, imekuwapo tangu mwaka 1996. Kwa hao kungoja si somo la Jumapili. Ndiyo maisha yao. Mtu aliyetamka neno baya juu ya kabila la mwenzake mwezi wa Agosti, atamkaribishaje Mfalme wa Amani mwezi wa Desemba kabla hajalirudisha neno lile?

Tufanye nini?

Hakuna anayependekeza tubadilishe madhehebu au tununue vitambaa vya zambarau. Anayetaka kuwasha mshumaa nyumbani na watoto wake awashe, na asiyetaka asihukumiwe. Lakini majuma manne kabla ya Krismasi yapo kwenye kalenda ya kila mtu, na historia imetuonyesha jinsi ya kuyatumia.

Juma la kwanza, turudishe mahubiri ya kurudi kwa Bwana. Zamani yalikuwa yanasikika kila wiki. Siku hizi kuna mahali mwaka unaisha hayajagusiwa. Mathayo 24 na 25 zisomwe kanisani, na mkesha wa juma hilo uwe wa jambo hilo moja.

Juma la pili liwe la toba na malipizi. Kila mmoja akae na daftari. Nadaiwa na nani? Nimemnenea nani vibaya? Nimeshikilia nini kisicho changu? Kama ni simu, ipigwe. Kama ni deni kubwa, mwenye mali aendewe, apewe mpango wa kweli wa kulipwa. Na kama aliyekosewa yuko ng'ambo ya mpaka, hapo ushirika huu una kazi, maana tunafahamiana.

Juma la tatu, vazi la pili. Tufunge Jumatatu, Jumatano na Ijumaa kama wale wa Gaul, na gharama ya chakula tulichoacha ikusanywe. Idara ya wamama wanawajua wajane wa kila kusanyiko kwa majina, na mashemasi wanajua nani hana ada ya Januari. Fedha iwafikie kabla ya tarehe 25, kimya kimya, bila kupigwa picha.

Juma la nne, tungoje pamoja na Simeoni na Ana. Luka 2 inatuambia habari za mama huyu mjane wa miaka 84, ambaye hakutoka hekaluni, akifunga na kuomba usiku na mchana. Mtoto alipoletwa, makuhani wa zamu hawatajwi kuwa walitambua lolote. Waliomtambua ni wazee wawili waliokuwa wanangoja. Na anayesafiri juma hilo asafiri na ibada yake. Afike kijijini awakusanye wazazi na ndugu, wasome, waombe, aliyeko mbali na Bwana asikie habari njema nyumbani kwao.

Vijana waliouliza swali wamestahili jibu, na jibu ni hili. Majilio si ya Wakatoliki wala ya Walutheri peke yao. Ni ya kila mtu anayemwamini Yesu aliyekuja na anayemtazamia Yesu atakayekuja. Mishumaa ina umri wa karne moja na zaidi tu. Kungoja kuna umri wa Kanisa lenyewe. Wakristo wa kwanza walikuwa na neno moja la Kiaramu la kungoja huko, na Paulo analiandika mwishoni mwa barua yake ya kwanza kwa Wakorintho: Maranatha. Hilo ni ombi la mtu ambaye nyumba yake imefagiliwa na madeni yake yamelipwa, kwa hiyo haogopi mlango ukibishwa.

Ushirika wetu umefika hapa kwa neema. Bwana akichelewa, watakuja wengine kuandika historia ya miaka yetu. Wakiandika habari za Desemba zetu, waandike kwamba tulikuwa macho.

Maranatha. Bwana awabariki na kuwalinda, pande zote za mpaka.